Mkaa, gesi, ethanoli ya miwa au ya muhogo: kipi kinachafua kidogo tangu shambani hadi jikoni?

Dada yangu anapika wali, maharage na samaki karibu na soko la Buguruni. Wiki chache zilizopita kijana mmoja alimpitia kibandani na jiko la ethanoli, ile pombe kali ya kuwashia moto. Akalisifia weee: halina moshi, haliweki masizi kwenye sufuria, na juu ya yote, "mafuta yake ni ya mimea, mama, hayaharibu mazingira hata chembe." Jioni ile dada akanipigia simu. Bei hakuigusa kabisa. Aliniuliza hivi: "Mdogo wangu, kwani mkaa nao si mti? Mti si mmea? Sasa kwa nini wangu uwe mbaya na wake uwe mzuri?"

Kazi yangu ni kupiga hesabu za namna hii kwa watu wa kilimo, na sijawahi kuulizwa swali lenyewe kwa ufupi kiasi hicho. Nilimwahidi jibu la maandishi, nikaona niliandike kwa ajili ya yeyote anayepika Dar es Salaam na anayesikia kila siku maneno "nishati ya mimea" bila kuelezwa yamebeba nini ndani yake.

Niseme mapema ninakoelekea. Kwamba mafuta yametoka kwenye mmea hakukuambii chochote bado. Inabidi ujue ardhi ulikoota ilikuwa na nini kabla, mbolea iliyomwagwa, moto uliotumika kiwandani, na maji machafu ya kiwanda yalikokwenda. Mafuta mawili yanayofanana rangi na harufu, yaliyotoka kwenye zao lile lile, yanaweza kutofautiana mara kumi kwa madhara. Kufuata safari hiyo yote, tangu jembe la kwanza hadi majivu, ndiko kunakoitwa tathmini ya mzunguko wa maisha, na kuna viwango vya kimataifa vya kuifanya, ISO 14040 na ISO 14044, ili kila mtu asijipimie kwa kibaba chake.

Kipimo kimoja kwa wote

Huwezi kulinganisha kilo ya mkaa na lita ya ethanoli. Watu hawapiki kilo wala lita, wanapika chakula. Kwa hiyo kipimo changu ni ndoo ndogo: kuchemsha lita 10 za maji kutoka joto la kawaida la Dar hadi yatokote. Kazi hiyo inataka megajuli 3 hivi za joto linaloingia kwenye maji. Kinachopotea hewani kinategemea jiko.

Jumapili moja asubuhi tulijaribu pale kibandani. Dada akaweka sufuria lenye mfuniko, mimi nikaazima mizani kwa muuza dagaa wa jirani. Tulipima mkaa kabla ya kuwasha, maji yalipotokota tukauzima uliobaki kwa kuufunika, tukapima tena. Ulikuwa umekwenda gramu mia nne na ushee. Hiyo inalingana vizuri na hesabu ya kitabuni: jiko la bati hupeleka kwenye sufuria kama robo tu ya joto la mkaa, kwa hiyo ndoo moja inataka gramu 420 hivi. Gesi, ambayo jiko lake hufikisha zaidi ya nusu ya joto kwenye sufuria, inataka gramu 130. Ethanoli inataka kama robo lita na kidogo juu, tuseme lita 0.28.

Shikilia namba hizo tatu. Tunarudi nazo nyuma hadi porini na shambani.

Mkaa: mmea, ndiyo, lakini tanuri lake

Dada ana haki. Mkaa ni mmea, na kwa karatasi mti ukikatwa mwingine ukaota, hewa ukaa iliyotoka hurudi kwenye shina jipya. Shida inaanzia kwenye tanuri la udongo. Matanuri yetu ya kienyeji hutoa kilo 15 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, na mvua ikinyesha au mchomaji akiwa na haraka, hata chini ya hapo. Maana yake zile gramu 420 za ndoo moja zilikuwa kilo mbili hadi karibu tatu za mti. Ungeukata mbele ya kibanda ungeuona: gogo zima la kuchemsha ndoo moja ya maji.

Kama mti huo hautaota tena kwa sababu shamba limefunguliwa au ng'ombe wameingia, ndoo moja imebeba kilo 4 hadi 5 za hewa ukaa. Kama pori linaachwa lichipue, sehemu kubwa ya deni hilo hulipwa na machipukizi, ila kuna kitu kisicholipwa. Tanuri lililofunikwa udongo huungua kwa kukosa hewa, na moto wa namna hiyo hutoa methani. Vipimo vilivyofanywa kwenye matanuri ya kienyeji vimekuta gramu 30 hadi 60 za methani kwa kila kilo ya mkaa, na methani ina nguvu ya kupasha dunia joto kama mara 28 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo hata mkaa wa pori linalotunzwa vizuri kabisa unabeba kama nusu kilo kwa ndoo, kabla hujaugusa na kiberiti.

Kisha kuna wingi wenyewe. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania unaishia Dar es Salaam. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi pale Kisarawe imelipa gharama hiyo kwa macho yetu, na siku hizi malori yanatoka mbali zaidi kwa sababu karibu hakuna kilichobaki cha kuchoma. Sitaki kumlaumu mchomaji. Anauza alichonacho. Ila ukitaka kulinganisha, huu ndio mzigo unaopaswa kupunguzwa na kila kitakachofuata hapa chini.

Gesi: inasemwa vibaya kuliko inavyostahili

Gesi ya mtungi ni mafuta ya kisukuku, haina ubishi. Gramu 130 zikiungua hutoa kama gramu 390 za hewa ukaa, ukiongeza kuichimba, kuisafisha na meli iliyoileta, tuseme karibu nusu kilo kwa ndoo. Linganisha na mkaa: sawa na mkaa wa pori bora kabisa, na sehemu ya kumi ya mkaa wa pori lililofyekwa moja kwa moja. Kwa mapafu ya mpishi haina mfano. Mtu akikwambia gesi ni adui wa mazingira wakati nyuma yake kuna gunia la mkaa, mwombe akupe hesabu yake.

Ethanoli ya molasi: hapa ndipo penye mambo

Ethanoli nyingi ya hapa kwetu inatokana na miwa, na kwa usahihi zaidi inatokana na molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Tani moja ya miwa hutoa kama kilo 100 za sukari na kilo 35 hadi 40 za molasi. Tani ya molasi ikichachushwa na kukenekwa hutoa lita 240 hivi za ethanoli.

Swali la kwanza linalogombanisha wataalamu: shamba la miwa lililochafua, limechafua kwa ajili ya nani? Kwa sukari au kwa molasi? Ukisema molasi ni takataka tu, ethanoli inatoka mikono mitupu, haina hatia hata ya mfuko mmoja wa mbolea. Ukigawa mzigo kwa thamani ya sokoni, molasi inabeba sehemu ndogo. Ukigawa kwa kiasi cha nishati kilichomo, inabeba zaidi. Ukisoma ripoti mbili zinazotofautiana sana kuhusu ethanoli, angalia kwanza ziligawaje mzigo huu. Mara nyingi ugomvi wote uko hapo, na mwenye kutaka kuuza huchagua mgawanyo unaompendeza. Mimi nagawa kwa thamani, kwa sababu ndiyo inayomfanya mkulima apande au asipande. Hakuna anayelima muwa kwa ajili ya molasi.

Mbolea yenyewe si jambo dogo. Chukua mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Ndani yake mna kilo 23 za naitrojeni. Kwa makadirio ya kawaida ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, asilimia 1 ya naitrojeni unayomwaga shambani hutoroka hewani ikiwa nitrasi oksidi, gesi yenye nguvu mara 270 hivi ya hewa ukaa. Fanya hesabu hadi mwisho na mfuko huo mmoja unakuwa sawa na kama kilo 100 za hewa ukaa, yaani kama kuchoma lita 37 za dizeli, kabla hujahesabu kiwanda kilichotengeneza urea yenyewe. Mwaka 2008 Paul Crutzen, mkemia aliyepata Nobeli mwaka 1995, na wenzake walikwenda mbali zaidi wakasema kwamba ukiifuata naitrojeni hadi kwenye mito na mabwawa, kinachotoroka ni asilimia 3 hadi 5. Wakiwa sahihi hao, mazao mengi yanayolimwa kwa mbolea nyingi ili yawe mafuta hayaokoi chochote.

Faida kubwa ya miwa iko kiwandani. Kukeneka pombe kunakula joto jingi, na kiwanda cha sukari kinalo joto hilo bure: makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila, yanazungusha mtambo na wakati mwingine umeme wa ziada unauzwa gridi ya taifa. Hakuna lori la kuni wala makaa ya mawe. Zao jingine lolote kati ya haya niliyolinganisha linaionea wivu miwa kwa jambo hili.

Ulaya, katika sheria yake ya nishati jadidifu, huihesabia ethanoli ya miwa kama gramu 28 za gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, kwa kila megajuli, huku mafuta ya kisukuku yakihesabiwa gramu 94. Ndoo yetu inataka kama megajuli 6 za ethanoli, kwa hiyo ni gramu 165 hivi, yaani theluthi ya gesi. Hiyo ndiyo namba nzuri.

Sasa tuangalie upande wake mbaya, ambao yule kijana wa jiko hakuutaja, na sidhani kama aliujua. Kila lita ya ethanoli ikitoka, inaacha nyuma lita 10 hadi 15 za maji machafu ya kahawia, moto moto, yenye uozo mwingi kupita maji ya choo. Yakimwagwa mtoni, samaki wanakosa hewa. Yakihifadhiwa kwenye bwawa la wazi, yanachachuka taratibu na kutoa methani mchana na usiku. Gramu 100 tu za methani zikitoroka kwa kila lita ya ethanoli, hizo ni sawa na kilo 2.8 za hewa ukaa, wakati lita nzima ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3. Faida yote ya shamba, makapi na jua imekwisha bwawani. Kiwanda kile kile kikifunika bwawa, kikaikamata methani hiyo na kuichoma kwenye boila, mzigo unageuka kuwa kuni. Kikiyapunguza makali maji hayo na kuyarudisha shambani kwa kipimo, yanakuwa mbolea ya potasi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ethanoli ya molasi ni safi au chafu, mimi namuuliza bwawa lina mfuniko?

Watu wengi huniuliza kuhusu lori, wakidhani safari ya kutoka Kilombero hadi Dar ndiyo inayochafua. Tuseme lori la lita 30,000 linakwenda na kurudi kilometa 800 na kula lita 320 za dizeli. Hewa ukaa yake ukiigawa kwa kila lita iliyobebwa haifiki gramu 30. Ni kama tone. Bwawa moja la wazi linashinda malori ya mwaka.

Mambo mawili zaidi kabla sijaondoka kwenye miwa. Miwa inachomwa shambani kabla ya kukatwa ili majani yasimsumbue mkataji, na moshi ule unaingia kwenye vifua vya watu wa vijiji vya jirani. Hakuna gramu za hewa ukaa zinazoonyesha hilo. Pia miwa inakunywa maji, na bonde la Kilombero ni ardhioevu iliyoorodheshwa na Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 2002. Tathmini nzuri hubeba maji na viumbe pamoja na joto la dunia. Tathmini nyingi za kwenye vipeperushi hubeba joto la dunia peke yake.

Je, molasi inatosha? Familia inayopika kwa lita moja ya ethanoli kwa siku inataka tani moja na nusu ya molasi kwa mwaka. Nchi ikitoa tani laki nne za sukari, molasi yake ingepata kama tani laki moja na nusu, ambazo zingetosha familia laki moja hivi. Dar peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu 5,383,728. Na molasi hiyo haikai inasubiri: wafugaji wanachanganyia chakula cha ng'ombe, viwanda vya pombe kali vinaitaka. Ukimnyang'anya mfugaji molasi, atatafuta mahindi au pumba, na shamba la mahindi hayo linaingia kwenye hesabu ya jiko lako hata kama hulioni.

Ethanoli ya muhogo

Muhogo unasifiwa kwamba unakua popote, hautaki mbolea nyingi na unavumilia ukame. Yote kweli. Pwani yote inaujua, na kituo cha utafiti cha Mikocheni kimepigana miaka mingi na ugonjwa wa michirizi ya kahawia ambao huozesha mihogo ardhini huku majani yakionekana mazima.

Ugumu wake ni mbili. Tani moja ya muhogo mbichi hutoa lita 170 hivi za ethanoli, na mkulima wa kawaida akivuna tani 7 kwa hekta, hiyo ni kama lita 475 kwa ekari. Familia ya lita moja kwa siku inahitaji robo tatu ya ekari ya muhogo, kila mwaka, kwa kupikia tu. Familia laki moja ni zaidi ya ekari 75,000. Ziko wapi? Ama ni ardhi inayolisha watu leo, ama ni pori.

Ya pili ni joto la kiwandani. Muhogo hauna makapi ya kuchoma kama miwa. Wanga lazima uchemshwe, ugeuzwe sukari, uchachushwe, kisha ukenekwe, na moto wote huo unanunuliwa. Kiwanda kikichoma makaa ya mawe au magogo, umehamisha moshi kutoka Buguruni ukaupeleka kijijini. Muhogo ninaoutetea ni ule wa maganda na mabaki ya viwanda vya unga, na mihogo iliyopita muda isiyouzika. Muhogo uliolimwa makusudi uwe mafuta, huku futari ikipanda bei kila Ramadhani, siwezi kumshauri mtu.

Mbono: somo la Kisarawe

Hili halihusu jiko la dada, linahusu dizeli, lakini siwezi kuliruka kwa sababu lilitokea karibu nasi mno. Mbono kaburi tunaujua tangu utoto: unapandwa uzioni na makaburini, mbuzi hawali, mbegu zake ni sumu. Miaka ya 2000 ukatangazwa kuwa dhahabu ya kijani. Unaota kwenye ardhi kame, hauhitaji maji, haugombani na chakula. Kampuni kutoka Uingereza ikapewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 2011 kazi ikasimama, watu wakabaki bila ajira na bila ardhi. Kule Kilwa mradi mwingine, wa Waholanzi, nao ulianguka.

Hesabu ingewaambia mapema. Mbono unaota kwenye ardhi mbovu, kweli, lakini kuota si kuzaa. Wakulima wengi walivuna tani moja ya mbegu kwa hekta au chini ya hapo, na tani hiyo hutoa lita 280 hivi za mafuta. Tuupendelee mbono, tuseme kila lita inaokoa hewa ukaa yote ya lita ya dizeli, kilo 2.7, bila kuhesabu trekta wala kiwanda. Hekta inaokoa kama kilo 756 kwa mwaka. Upande wa pili, hekta ya pori la miombo hubeba kaboni tani 20 au zaidi kwenye miti, na ukiifyeka zinatoka tani 73 za hewa ukaa. Gawa. Utahitaji miaka 97 kulipa deni la siku moja ya kufyeka, na mkataba ulikuwa wa miaka 99.

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Joseph Fargione na wenzake ulioonyesha mambo ya aina hii sehemu nyingine: michikichi kwenye ardhi ya mboji iliyokaushwa Indonesia na Malaysia inahitaji miaka 423 kulipa deni lake, wakati miwa kwenye pori la savana la Brazili inahitaji miaka 17. Zao limebadilika, lakini kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni ardhi lilipokaa. Serikali yetu ilitoa mwongozo wa mafuta ya mimea mwaka 2010, ila ardhi kubwa ilikuwa imeshagawiwa.

Mbono wa uzioni, ambao haukufyeka kitu, sina ugomvi nao.

Mafuta ya chipsi yaliyochoka

Ukitembea Dar usiku, kila kona kuna karai la chipsi, na kila mtu ameona yale mafuta meusi mazito yanayoongezewa mapya juu juu. Hayo ndiyo malighafi bora ya dizeli ya mimea niliyowahi kuhesabu. Yalishalimwa, yalishakaanga, mzigo wa shamba umebebwa na chipsi. Ukiyachuja, ukayachanganya na methanoli na magadi makali, unapata kama asilimia 90 yake ikiwa biodizeli ya kuendeshea jenereta au lori, na gliserini pembeni. Ulaya huihesabia gramu 15 hivi kwa megajuli, dhidi ya zile 94. Tena mafuta hayo yakinunuliwa, hayarudi karaini kwa mara ya ishirini na hayazibi mitaro. Kwa mama lishe, hii ni biashara ya kuuza, haimhusu kupikia. Kinachohitaji uangalizi ni bei: mafuta machafu yakipata bei kuzidi mapya, mtu atachafua mapya makusudi, na hapo tumerudi kwenye mafuta ya michikichi na deni lake la ardhi.

Umeme, kwa ufupi

Lita 10 za maji zinataka chini kidogo ya uniti moja ya umeme. Gridi yetu sasa inabebwa na maji ya bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, pamoja na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Kwa maharage, jiko la presha la umeme halina mshindani kati ya yote niliyoyataja, kwa sababu linafunga joto ndani na kumaliza kazi kwa sehemu ya muda. Ukikatika umeme saa tano asubuhi wateja wakiwa wamekaa, ndiyo hivyo tena, lazima uwe na cha pili.

Basi uchukue nini?

Kwa ndoo moja ya lita 10, namba zikiwa kando kwa kando: mkaa wa pori linalofyekwa, kilo 4 hadi 5 za hewa ukaa. Mkaa wa pori linalochipua, kama nusu kilo, na moshi wa sumu juu yake. Gesi, karibu nusu kilo. Ethanoli ya molasi ya kiwanda kinachokamata methani, gramu 165 hivi. Ethanoli hiyo hiyo ya bwawa la wazi, inaweza kuipita gesi.

Anayepikia mkaa leo, gesi na ethanoli zote ni hatua mbele, achukue ile anayoweza kuimudu mwezi mzima bila kurudi kwenye kopo la mkaa. Aliye na gesi tayari, asiiache kwa ajili ya neno "mimea" mpaka muuzaji ajibu maswali mawili: malighafi ni nini, na maji machafu ya kiwanda yanakwenda wapi. Mwenye umeme wa kuaminika ahamishe maharage na makande huko. Na atakayenunua jiko la ethanoli asiongeze mafuta jiko likiwa la moto. Mwali wake ni wa bluu hafifu, mchana wa jua hauonekani, na watu wameungua kwa kudhani umezimika.

Nilimsomea dada haya yote kwenye simu, naye alisikiliza huku akichambua mchele. Sasa ana mtungi wa kilo 15 kwa wali na mchuzi, jiko la presha la umeme kwa maharage, na mkaa kidogo wa kuchomea samaki, kwa sababu wateja wake hawataki samaki wa kwenye gesi. Yule kijana wa ethanoli alirudi. Dada akamuuliza kuhusu bwawa. Kijana alitoa simu, akaliandika swali kama lilivyo, akasema atamuuliza bosi wake kisha apite tena Ijumaa.